Mwongozo wa Kuivua Chipu Koti na Kuipiga Picha

Kwanza kabisa, rudisha asidi dukani. Kila anayetamani kuiona silikoni iliyo ndani ya chipu huanza na maswali yale yale: asidi ipi, kiasi gani, ichemke kwa muda gani. Ni kweli maabara hutumia asidi kali ya nitriki, au ya salfuriki iliyochemshwa, kuila ile plastiki nyeusi. Lakini wanaoifanya kazi hiyo husimama mbele ya kabati la kunyonya moshi, wamevaa glavu na ngao ya uso, na mwenzao yuko karibu likitokea la kutokea. Wewe una jiko, dirisha moja na watoto wa jirani wanaoingia bila hodi. Asidi ya hidrofloriki, inayomenya tabaka za kioo zilizo juu ya silikoni, usiipokee hata ukipewa bure. Hupenya ngozi kimyakimya, maumivu yakachelewa, na wakati huo inaendelea na safari yake kuelekea mfupani.

Kuvua koti ndiyo sehemu rahisi ya kazi hii, ukichagua chipu inayovuliwa bila asidi. Kinachowashinda watu ni mwanga. Tutafika huko. Kwanza tumtafute wa kupigwa picha.

Nenda kwa fundi redio wa siku nyingi, yule asiyetupa kitu. Kariakoo wapo, Luthuli Avenue pale Nairobi wapo, na kwenye mji wowote wenye redio kuukuu hutamkosa mmoja mwenye kopo la maziwa lililojaa vipuri vilivyokufa. Mwamkie vizuri: "Shikamoo, fundi. Naomba zile IC zako zilizoungua." Atauliza za nini. Mwambie ukweli, kwamba unataka kuzifungua uzipige picha. Atacheka. Mwache acheke, muhimu kopo limeshafika mkononi mwako.

Ukilimwaga mezani, usiparamie chipu za simu za kisasa. Nyingi zimebandikwa kifudifudi, saketi ikitazama bodi, kwa hiyo ukizifungua utaona mgongo tu, bapa la kijivu lisilo na chochote. Na hata ungezigeuza, nyaya zake zimechorwa kwa makumi ya nanomita, wakati mwanga tunaouona kwa macho una mawimbi ya nanomita 400 hadi 700. Hakuna lenzi ya kukuonyesha kitu kilicho kidogo kiasi hicho kuliko wimbi la mwanga wenyewe. Unachotaka ni vizee: chipu za miaka ya 1970 na 1980, zilizochorwa kwa mistari ya mikroni kadhaa, yaani sehemu kadhaa za elfu za milimita. Hizo zinaonekana.

Bora kuliko zote kwa anayeanza ni EPROM yenye dirisha. Ni IC ya kauri yenye miguu 24 au 28, na mgongoni ina kioo cha kwatzi cha mviringo, mara nyingi kimefunikwa na stika. Namba zake huanza na 27: 2716, 2764, 27C256. Dov Frohman wa Intel ndiye aliyebuni aina hii ya kumbukumbu mwaka 1971, na dirisha liliwekwa ili data iweze kufutwa kwa mwanga wa urujuanimno. Bandua stika, safisha gundi kwa spiriti, na silikoni ipo mbele yako, haina koti lolote la kuvuliwa. Kama IC bado ni nzima na mashine inaihitaji, rudisha stika ukimaliza, kwa sababu jua la moja kwa moja la wiki moja hivi linatosha kufuta kila kilichoandikwa humo.

Baada ya hizo tafuta zenye kofia ya chuma: vikopo vidogo vya mviringo vyenye miguu minane, kama zile 741 za zamani zilizokuwa kwenye vikuza sauti. Bana kofia kwenye jiliwa, si miguu, na msumeno wa chuma uzunguke polepole karibu na ukingo wa chini. Usikate mpaka ndani. Kata mpaka chuma kiwe chembamba, kisha malizia kwa koleo. Hapo vumbi la chuma halitamwagika juu ya silikoni, wala meno ya msumeno hayatapitia kwenye nyuzi za dhahabu zinazoiunganisha na miguu. Nyuzi hizo kwa kawaida zina unene wa mikroni 25 tu, na zikiguswa na kitu zinalala.

Za tatu ni za kauri zisizo na dirisha, zile zilizotengenezwa kwa vipande viwili vilivyogandishwa kwa kioo. Ziweke ubavu, patasi ielekee kwenye mstari wa kiungio, kisha piga nyundo kwa ufupi. Zikikubali, hupasuka katikati kwa usafi. Vaa miwani ya kazi. Na hapa kuna onyo ambalo hata mafundi wengi hawalijui: baadhi ya transista za nguvu za kurushia mawimbi ya redio zina kauri nyeupe ya oksidi ya beriliamu, na vumbi lake likiingia mapafuni linaharibu kwa maisha. Transista ya namna hiyo usiipasue, usiitie tupa, usiisugue msasa. Iache kwenye kopo.

Plastiki nyeusi ya kawaida, ile ya 555 na LM358 zinazouzwa kila mahali, iache kabisa. Wapo wanaoichoma mpaka iwe majivu ili silikoni idondoke. Moshi wake una dawa za kuzuia moto zilizochanganywa kwenye epoksi, na hakuna picha inayostahili moshi huo. 555 nayo ilitengenezwa kwenye kofia ya chuma. Ukiipata, umepata lulu.

Sasa mwanga. Pengine utaazima hadubini ya shule, na utaukuta mwanga wake ukitoka chini, ukipenya slaidi kuelekea jichoni. Mpangilio huo unafaa kwa ganda la kitunguu. Silikoni haipitishi mwanga tunaouona, kwa hiyo utaona mraba mweusi, basi. Wengi hujibu kwa kumulika tochi kutoka ubavuni, na picha inabaki nyeusi. Uso wa silikoni ni kioo cha kujitazamia. Mwanga ukiupiga kwa mshazari, unaruka kwa mshazari upande wa pili na kwenda zake, lenzi isipate kitu zaidi ya mng'ao wa nyuzi na wa vumbi ulilosahau kulisafisha.

Kioo cha namna hiyo kinataka mwanga unaoshuka wima, upige uso na kurudi njia ile ile mpaka ndani ya lenzi. Hadubini za kukagulia metali zimeundwa hivyo, mwanga ukipita ndani ya lenzi yenyewe, na bei yake si ya mchezo. Njia ya maskini ni hii. Chukua kile kioo chembamba cha kufunikia slaidi, kisimamishe kwa plastisini kati ya lenzi na chipu, kikiwa kimelala nyuzi 45. Weka tochi pembeni, usawa wa kioo hicho. Sehemu ndogo ya mwanga wake itagonga kioo, itageuka kushuka wima juu ya silikoni, kisha itarudi juu na kupita kwenye kioo hadi kwenye lenzi. Sogeza tochi taratibu huku ukitazama. Mara ya kwanza mwanga unapokaa sawa, ule mraba mweusi unalipuka kwa rangi: zambarau, kijani, waridi, na nyaya za alumini zikimeta kwa weupe. Nimewaonyesha watu wazima wenye kazi zao, na kila mmoja alikatiza sentensi aliyokuwa akiisema.

Rangi hizo hakuna aliyezipaka. Juu ya silikoni kuna tabaka nyembamba za oksidi, na mwanga unaorudi kutoka juu ya tabaka hukutana na unaorudi kutoka chini yake, rangi fulani zikafutana na nyingine zikaongezeka, vile vile mafuta ya gari yanavyotoa rangi juu ya dimbwi barabarani. Unene ukibadilika, rangi inabadilika. Kwa hiyo rangi ni habari: inakuonyesha mahali tabaka zilipochimbwa na pale zilipoongezwa. Ndiyo maana nawasihi wenye programu za kukoleza picha wazuie mikono yao. Linganisha weupe wa kamera kwa alumini, ambayo inapaswa kuonekana nyeupe isiyo na rangi, kisha acha mengine kama yalivyo.

Kazi hii ya kioo cha mshazari inataka lenzi ya kukuza mara 4, kwa sababu inaacha nafasi ya kutosha chini yake. Lenzi ya mara 10 hukaribia mno, lakini ukipata yenye nafasi ndefu utaweza kutofautisha vitu vilivyoachana kwa mikroni moja na kidogo. Ya mara 4 inaishia karibu mikroni 3. Kwa 6502, kichakataji cha mwaka 1975 kilichokuja kuendesha Apple II na ambacho mistari yake ni ya takriban mikroni 8, hata hiyo ya mara 4 inakupa picha ya haki.

Laza chipu sawasawa. Ikiinama hata kidogo, upande mmoja utang'aa na mwingine utazama gizani, na utailaumu tochi bure. Ikandamize juu ya plastisini kwa kipande cha kioo bapa mpaka mwanga ujae pembe zote nne. Simu iweke kwenye lenzi ya kutazamia na uifunge isitikisike, kwa sababu mkono wa binadamu hautulii kiasi hicho. Bonyeza skrini kwa muda ili ifunge fokasi na mwanga, kisha tumia kipima muda cha sekunde mbili, kidole kiwe kimeshaondoka picha inapopigwa. Kama nyumba yako iko kando ya barabara ya malori, piga usiku.

Picha moja haitatosha chipu nzima. Piga kwa safu, kama unavyosoma ukurasa, kila picha ikiingia ndani ya jirani yake kwa theluthi moja, bila kuzungusha chipu na bila kubadili mwanga. Hugin, programu ya bure, itaziunga. Usisahau kupiga rula ya milimita kwa ukuzaji ule ule. Picha ya chipu isiyo na kipimo ni pambo tu, mwenzako hawezi kuifanyia hesabu.

Kabla sijaendelea, tahadhari moja kuhusu mmweko wa kamera. Silikoni iliyo wazi huhisi mwanga na kuugeuza umeme. Februari 2015, watumiaji wa kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 2 waligundua kwamba ukiipiga picha kwa mmweko wa zenoni inajizima. Chanzo kilikuwa chipu moja ya kudhibiti umeme, iliyofungwa kwenye bodi bila koti la plastiki. Kwa hiyo chipu inayofanya kazi usiimulike mmweko ukategemea itavumilia. Zilizokufa hazina la kupoteza.

Sasa una picha. Watu wengi huishia hapa, wakaiweka kwenye skrini ya simu, na mimi naumia. Picha hii inasomeka, na kuisoma ndiko kulikonifanya niandike mwongozo huu.

Anza ukingoni. Viraba vikubwa vinavyozunguka ni sehemu za kuungia nyuzi, kila kiraba na mguu wake. Fungua datashiti, uvihesabu. Nyaya nene kuliko zote ni za umeme wa kuingia na wa ardhi. Transista kubwa zilizojitanua karibu na ukingo ndizo zinazobeba mkondo wa kwenda nje. Kwenye 555, ambayo Hans Camenzind aliibuni mwaka 1971 kwa ajili ya kampuni ya Signetics, utaziona mara moja, kwa sababu chipu hiyo ndogo inatakiwa kusukuma hadi miliampia 200. Tafuta pia rezista tatu zinazolingana, vikanda vitatu vya urefu mmoja. Ndizo zinazogawa volti katika theluthi, na muda wote unaopimwa na 555 unatokana na mgawanyo huo. Chipu nzima ina transista 25 hivi. Mtu mwenye subira anaweza kuzifuata zote kwa kidole mpaka mchoro wa kwenye datashiti na kilichomo kwenye picha vilingane.

Kwenye 741, iliyobuniwa na Dave Fullagar pale Fairchild mwaka 1968, kinachokukabili ni bapa pana la alumini lililokalia sehemu kubwa ya eneo. Ni kapasita ya pikofaradi 30. Kabla yake, mtumiaji wa LM101, chipu ya namna hiyo hiyo iliyobuniwa na Bob Widlar, alilazimika kununua kapasita hiyo na kuifunga mwenyewe nje. Fullagar aliiingiza ndani, akakubali kutumia silikoni nyingi kwa kitu kimoja, na kwa uamuzi huo akamwondolea kila fundi aliyemfuata usumbufu mmoja. Datashiti inakuambia kapasita ipo. Picha inakuonyesha iligharimu nini.

Vichakataji ni vikubwa zaidi, lakini navyo vina utaratibu. Eneo lenye mistari iliyojipanga sawasawa ni kumbukumbu au jedwali la maagizo. Eneo linaloonekana limevurugika ni mantiki ya udhibiti, pale mchoraji alipobana kila kitu kilichobaki. Greg James, Barry Silverman na Brian Silverman waliipiga picha 6502 tabaka kwa tabaka, wakachora upya kila umbo kwenye kompyuta, na mwaka 2010 wakaonyesha kazi yao: transista zote, takriban 3,500, zikiwaka na kuzimika kwenye skrini zikiendesha programu halisi. Chipu hiyo iliuzwa dola 25 ilipotoka, na michoro yake ilichorwa kwa mkono. Picha iliurudisha mchoro huo kwa watu.

Ukitaka kujua silikoni inavyotunza siri, itazame Pentium ya mwanzo, kichakataji cha Intel. Mwaka 1994 Profesa Thomas Nicely wa Chuo cha Lynchburg, Virginia, aligundua kwamba inagawanya baadhi ya namba vibaya. Intel ilitenga dola milioni 475 kwa ajili ya kuzibadilisha. Miaka mingi baadaye Ken Shirriff aliifungua chipu hiyo, akaipiga picha, na kulipata kosa likiwa limekaa wazi kwenye jedwali la kugawanya: mahali ambapo ingepaswa kuwepo transista hapana kitu. Alihesabu nafasi 16 zilizokosewa, na 5 kati yake ndizo zinazoleta jibu baya. Kosa lililotikisa kampuni kubwa namna ile linaonekana kwa hadubini.

Pitia na pembe zote nne, kwa sababu waliochora walikuwa watu na watu huacha alama. Federico Faggin aliandika herufi F.F. ukingoni mwa Intel 4004 ya mwaka 1971, kichakataji chenye transista 2,300. Wachoraji wa chipu ya CVAX ya kampuni ya DEC waliandika ujumbe kwa Kirusi kilichovunjikavunjika, wakiwalenga wahandisi wa Kisovieti waliotarajiwa kuja kuinakili, kwamba VAX ni ya wale wanaojali kuiba kilicho bora. Walijua atakayeusoma ni mtu aliye na hadubini. Utakuta pia jina la kampuni, mwaka, na orodha fupi ya namba za tabaka zinazokuonyesha mchoro ulirekebishwa mara ngapi. Herufi M ndani ya duara inatokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1984 inayolinda michoro ya chipu kwa miaka 10.

Mwisho, lipa deni la kopo. Chukua transista moja ya 2N3055 iliyoungua kabla ya wakati, ile ya kofia pana ya chuma iliyo kwenye vikuza sauti na vifaa vya umeme, ikate kofia kama nilivyoeleza, kisha ikate na nyingine ya zamani unayoiamini. Zote mbili zimeandikwa namba moja. Datashiti inaahidi ampia 15. Kwenye ile ya zamani utaona kipande kipana cha silikoni kilichokaa katikati, kinachoonekana bila hadubini. Kwenye bandia mara nyingi utakuta kipunje ambacho kisingebeba hata nusu ya mkondo huo. Watengenezaji halali nao wamepunguza ukubwa kadiri miaka ilivyopita, kwa hiyo usihukumu kwa jicho peke yake: pima kwa rula yako, linganisha na nyingine ya kampuni hiyo hiyo, kisha useme.

Zichape picha hizo mbili kwenye karatasi moja, kipimo kikiwa chini ya kila moja, namba ya kofia na tarehe ya kununuliwa zikiandikwa pembeni. Mpelekee fundi aibandike ukutani, juu ya meza yake, pale ambapo mwenye duka la vipuri atakapokuja na boksi jipya ataiona kabla hajataja bei.